SHAMPENI YA STAA ILIYOISHIA TANDIKA: NILIVYOIJUA PROSECCO

Leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Au niseme ninao kidogo, ila umekuja na chupa, na hiyo chupa ndiyo nataka tuizungumzie.

Hapa Dar chochote kinachofunguka kwa mlio kinaitwa shampeni. Ingia ukumbi wowote wa Temeke au Kinondoni Jumamosi usiku. Ikifika zamu yake MC anawaita wafungua shampeni, wanatoka vijana wawili wamevaa suti za kufanana, wanacheza, wanatikisa chupa kama wanachukia kilichomo ndani, ukumbi mzima unahesabu, puuu! Kizibo kinapiga dari, povu linawalowesha akina mama wa meza ya mbele na vilemba vyao vya kukodi kwa fundi. Ndani ya hizo chupa mara nyingi ni juisi ya zabibu yenye gesi, haina kilevi hata chembe, na hakuna mtu anayelalamika. Pale kamati imenunua mlio. Sina tatizo na hilo, nimekua naliona na nalipenda.

Tatizo linaanza pale neno shampeni linapokuwa kitu cha kupimia watu.

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ni mhudumu kwenye hoteli moja pande za baharini, huko kwa wenye nacho. Hoteli siitaji. Staa pia simtaji, kwa hiyo msinijazie meseji. Nitasema tu ni mtu wa muvi na wengi wenu mnamfuata.

Usiku huo alikuja na wenzake watano. Akaomba menyu, akapitisha kidole kwenye ukurasa wa waini zenye mapovu. Juu zilikuwepo shampeni za Ufaransa, laki nne kwenda mbele. Chini yake prosecco ya Italia, laki na thelathini. Kidole kikasimama hapo. Dada akamwambia kwa heshima, "Hiyo ni prosecco dada, inatoka Italia." Akajibiwa, "Nimeiona, lete." Ikaja kwenye ndoo ya barafu, simu zikawashwa, ikafunguliwa, makofi, video, glasi ya kwanza ikamiminwa. Ndipo mmoja wa wale marafiki akaishika chupa na kusoma karatasi yake. "Shosti, mbona hii siyo shampeni? Wamekuletea feki." Meza ikacheka. Kicheko kile ndicho kilichoharibu kila kitu, maana staa anaweza kuvumilia mengi ila si kuchekwa mbele ya watu wake. Akageuka mbogo, akasema yeye aliagiza shampeni na hailipii hiyo takataka.

Msimamizi akaja, akaomba radhi, akaitoa chupa kwenye bili. Baadaye jikoni akamwambia dada itakatwa kwenye mshahara wake. Mshahara wenyewe ni laki mbili na themanini. Ana mtoto yuko darasa la tatu. Halafu kwa huruma ya ajabu yule msimamizi akamalizia, "Sasa ni ya kwako, ondoka nayo."

Na ile video? Ipo mpaka leo kwenye ukurasa wa staa, ameandika shampeni na makopakopa mekundu. Mlio aliuchukua, bili akatuachia sisi.

Basi chupa ikafika Tandika asubuhi, imefungwa mdomo kwa foili na mpira wa kufungia noti. Kizibo cha aina ile kikishatoka hakirudi, kinavimba kama uyoga. Tukanunua barafu kwa jirani, tukaiweka kwenye ndoo ya kuogea (ilioshwa, msianze), na mchana tukakaa uani: mimi, dada, mama mkubwa na mpangaji wetu mmoja fundi seremala. Glasi mbili za maji, vikombe viwili vya chai.

Mama mkubwa akaonja wa kwanza, akakunja uso. "Mbona kama Sprite waliyosahau kuitia sukari?" Fundi naye akasema laki na thelathini yeye anapata Konyagi za mwezi na chenji inabaki, akaomba aendelee na kazi yake. Mimi nilivyopiga funda la kwanza nilikuwa upande wa mama mkubwa kabisa. Ulimi ulikuwa unasubiri soda.

Dada alikuwa hajagusa ya kwake. Ana miaka mitatu anaibeba hiyo kitu kwenye sinia, anajua imiminwe vipi, anajua glasi ipi, na hajawahi kuionja hata siku moja kwa sababu kazini kwao ukionekana umeonja umefukuzwa. Akanywa kidogo, akanyamaza. Akanywa tena. Akasema, "Kumbe ndivyo ilivyo." Hakusema kingine kwa muda mrefu, na sisi tukaona aibu kuendelea na utani wetu.

Hapo nikaamua kuinywa taratibu kama yeye. Na kweli, ukishaacha kuisubiri iwe soda, inaanza kuongea. Kwanza harufu: peasi. Zile peasi za Lushoto zinazouzwa kwenye ndoo Ubungo, zikiwa bado ngumu kidogo. Halafu tufaa la kijani, na nyuma yake kwa mbali sana kama ua la mlimau alfajiri. Mdomoni ni nyepesi, ina ukali wa ndimu lakini hauchomi, na ikishapita koo mdomo unabaki mkavu, unataka kutafuna kitu. Mama mkubwa alikuwa amekaanga mihogo, ina pilipili na kachumbari pembeni. Nikatafuna muhogo, nikanywa. Hapo ndipo nilipoelewa. Mafuta yote ya mihogo yanasafishwa, ulimi unakuwa mpya, unarudi kwenye sahani. Mama mkubwa naye akajaribu hivyo, akaniangalia, akasogeza kikombe chake aongezewe bila kusema neno.

Sasa tuje kwenye hilo la feki, maana niliamua kulisoma na bando langu lote la wiki likaishia huko.

Shampeni ni waini yenye mapovu kutoka eneo moja tu la Ufaransa linaloitwa Champagne. Ikitoka nje ya hapo, hata iwe nzuri namna gani, haina haki ya jina hilo. Prosecco nayo ina kwao, kaskazini mashariki mwa Italia, mikoa ya Veneto na Friuli Venezia Giulia. Hata jina lina kijiji chake, kinaitwa Prosecco, karibu na mji wa Trieste. Zamani zabibu yenyewe pia iliitwa prosecco, kwa hiyo mtu wa nchi nyingine yoyote angeweza kuipanda na kuandika prosecco kwenye chupa. Mwaka 2009 Waitaliano wakaweka mambo sawa: zabibu ikaitwa Glera, jina lake la zamani, na neno Prosecco likabaki la eneo. Fikiria mchele wa Kyela. Pale sokoni Tandika kila gunia lenye harufu nzuri linaitwa Kyela, hata kama halijawahi kuiona Mbeya. Wenzetu hilo walilifungia mlango kisheria.

Tofauti kubwa nyingine ni mapovu yanavyopatikana. Waini ya kawaida inachachuliwa mara moja. Zenye mapovu zinachachuliwa mara ya pili, zinawekewa hamira na sukari mahali palipofungwa ili gesi isipate pa kutokea. Wafaransa wa Champagne wanaifanya hiyo mara ya pili ndani ya chupa ileile utakayonunua, na sheria yao inataka ikae angalau miezi 15 kabla ya kuuzwa. Prosecco nyingi inafanyiwa ndani ya tangi kubwa la chuma, na mwezi mmoja unaweza kutosha, halafu inaingizwa kwenye chupa ikiwa na gesi yake. Ndiyo maana bei ni ndogo. Na wanafanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu ile harufu ya peasi na maua ingepotea kama wangeikalisha muda mrefu na hamira. Shampeni inatafuta harufu ya mkate na njugu, hii inatafuta tunda. Kinachochekesha ni kwamba njia ya tangi aliisajili Muitaliano, Federico Martinotti, mwaka 1895, na aliyekuja kuiboresha mwaka 1907 ni Mfaransa, Eugène Charmat. Kwa hiyo rafiki yake staa alicheka kitu ambacho Mfaransa mwenyewe alikiheshimu.

Halafu siyo kijimtaa. Vilima vya Conegliano na Valdobbiadene, ambako inatoka prosecco yenye sifa zaidi, viliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2019, orodha ileile yenye Mji Mkongwe wa Zanzibar. Miteremko yake ni mikali mpaka zabibu nyingi zinachumwa kwa mkono.

Kama unataka kununua, kuna mtego mmoja utakaokunasa kama wengi, nao ni maneno ya utamu. Kwenye chupa wanaandika "Brut", "Extra Dry" au "Dry". Wewe unajua kwamba dry ni kavu, kwa hiyo extra dry itakuwa kavu kupita zote. Hapana! Brut ndiyo kavu zaidi kati ya hizo tatu, sukari haizidi gramu 12 kwa lita. Extra Dry ina 12 mpaka 17. Dry ndiyo tamu yao, 17 mpaka 32. Aliyepanga maneno hayo sijui alikuwa amekunywa ngapi. Soda ya kola ya kawaida ina gramu 100 na kitu kwa lita, sasa unaelewa kwa nini mama mkubwa alikunja uso. Ile ya staa ilikuwa Brut.

Kama wewe ni mtu wa vitamu, na Wabongo wengi ndivyo tulivyo, usijilazimishe. Tafuta Asti. Hiyo ni ya Italia pia, upande wa Piemonte, inatengenezwa na zabibu ya moscato, ni tamu kweli na kilevi chake ni kidogo, kama asilimia 7 hivi. Prosecco inacheza kwenye 11, yaani mara mbili ya bia zetu nyingi, ingawa inapita kooni kama maji. Ukiinywa juani kwa kiu utaokotwa.

Angalia pia shingoni. Prosecco halisi ina utepe mdogo wa karatasi wa serikali ya Italia wenye namba, kama stempu ya TRA tunayoijua. Na usinunue iliyokaa dukani dirishani inapigwa jua mwaka wa tatu. Hii hainywewi kwa uzee, inanyweka ikiwa changa.

Nikichepuka kidogo: hao Waitaliano si wageni kwetu kwenye mambo ya zabibu. Mizabibu ya Dodoma tunayojivunia ililetwa na wamisionari wa Kikatoliki, Waitaliano, miaka ya 1950, pale Bihawana. Mpaka leo Dodoma inavuna mara mbili kwa mwaka, kitu ambacho huko kwao hawakiwezi. Tunayo Dompo, tunazo waini nyekundu na nyeupe za Dodoma kila duka. Lakini chupa ya Dodoma yenye mapovu bado sijaiona kwenye meza ya bwana harusi hata moja ya Temeke, na kamati zinanunua juisi yenye gesi kutoka ng'ambo ili tu ilie puu. Wenye mitaji mmenisikia.

Turudi kwa dada. Mwisho wa mwezi walikata laki na thelathini yote kwa mpigo. Alibakiwa na laki na nusu, na nauli ya kwenda kazini inatoka humohumo. Kwenye kusoma kwangu kwa waini nikaanza kusoma na sheria, maana nilikuwa na hasira. Ipo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28. Mwajiri akitaka kukukata kwa sababu ya hasara, lazima hasara iwe imetokana na kosa lako, akuandikie sababu na kiasi, akupe nafasi ya kupinga, wewe ukubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara. Dada hakuandikiwa hata karatasi ya kufungia vitumbua. Robo ya laki mbili na themanini ni elfu sabini. Na kosa liko wapi? Mteja aliisoma menyu, akaambiwa, akasema lete.

Nilimchapishia kifungu hicho kwa jero ya stesheni. Alikaa nacho kwenye pochi siku nne, anaogopa. Ukiwa na mtoto na kodi ya chumba huendi ofisini kwa mtu ukiwa na sheria mkononi kwa urahisi kama mnavyoandika mitandaoni. Siku ya tano akaenda kwa afisa utumishi, hakugombana, akaiweka mezani pamoja na picha ya ukurasa wa menyu. Wakamrudishia elfu sitini siku ileile. Hiyo sabini iliyobaki wanasema "inashughulikiwa". Tunahesabu siku, na wakizidi kushughulikia kuna CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nayo tunajua ilipo.

Jioni ile akanipigia. "Nataka tununue moja." Nikafikiri anatania. Akasema, "Nimeiuza miaka mitatu, nimeilipia, na sijawahi kuinywa ikiwa na gesi yake." Tukachanga, yeye elfu ishirini, mimi elfu ishirini na tano, tukaipata dukani mjini kwa bei hiyo. Siyo hela ndogo, na mama mkubwa alitusema wiki nzima kuhusu ada. Alikuwa na haki ya kusema. Mimi bado naona dada naye alikuwa na haki ya kunywa.

Safari hii tuliifanya ya kwao. Ndoo, barafu, maji, na chumvi mkono mmoja, nusu saa inatosha kabisa hata kama huna friji. Kuifungua alifungua yeye. Hakuna kutikisa. Alitoa karatasi la juu, akakaza kidole gumba juu ya kizibo kabla hajalegeza waya, maana ile gesi ina nguvu na kizibo kinaweza kumtoa mtu jicho. Akailaza chupa kidogo, akakishika kizibo kwa mkono mmoja na kuizungusha chupa yenyewe kwa mkono mwingine, polepole. Haikulia puu. Ilitoa pumzi tu, sssh, kama mtu anayetua mzigo. Anasema hivyo ndivyo walivyofundishwa, ila wateja wetu wanakasirika wakinyimwa mlio, kwa hiyo anaiachia ilie.

Na ilikuwa tofauti kubwa na ile ya kwanza. Gesi ikiwa kamili ndiyo inayoibeba harufu kuileta puani. Zile peasi ambazo mara ya kwanza nilizitafuta, safari hii zilinifuata zenyewe. Tulikuwa na changu wa kukaanga kutoka Feri, wamekauka vizuri, na ndimu. Fundi seremala alipita akajifanya anatafuta nyundo, tukampa glasi, akakubali kwamba "siyo mbaya". Kwa fundi yule hiyo ni sifa kubwa.

Siku hizi dada akipeleka prosecco mezani anasema kwa sauti: hii ni prosecco ya Italia, siyo shampeni, ina peasi na tufaa, ni kavu, nifungue? Anasubiri mtu ajibu ndiyo mbele ya wenzake ndipo anagusa waya. Anasema wengine sasa wanaichagua kwa sababu ya hizo peasi.

Chupa tupu mama mkubwa kaichukua, anawekea mafuta ya nazi. Mlioko baa na hotelini ambao mmewahi kukatwa chupa ya mteja kwenye mshahara, niandikieni hapo chini ilikuwaje na mlirudishiwa au la. Majina ya hoteli msitaje, nitayafuta.